Utepe hukatwa siku moja, mtambo hutunzwa kila siku

Zamani mwananchi aliyefika katika ofisi ya Serikali na shida yake alizoea kupewa jibu la maneno mawili: "Njoo kesho." Chama kiliyapiga vita maneno hayo kwa miaka mingi, kwa sababu nyuma yake ulijificha urasimu, uzembe na mara nyingine rushwa. Siku hizi jibu hilo limepungua, lakini limeacha mrithi. Mzee aliyetoka kijijini tangu alfajiri kufuata hati yake, mzabuni anayedai malipo ya mbao za madawati, mwalimu anayefuatilia ombi lake la uhamisho, wote huambiwa, "Mtandao hakuna." Nao hurudi walikotoka.

Baina ya majibu hayo mawili iko tofauti moja. "Njoo kesho" lilikuwa na mwenyewe. Karani aliyelitamka alijulikana kwa jina na kwa kiti chake, na mkuu wake aliweza kumwita akamwuliza. "Mtandao hakuna" halina mwenyewe. Karani hulisema kwa huzuni, mkuu wake hulirudia kwa huzuni hiyo hiyo, na wote wawili hutazama dirishani kana kwamba mtandao ni mvua ambayo Mwenyezi Mungu ameichelewesha. Hapo ndipo penye kosa. Mtandao ni mitambo iliyonunuliwa kwa fedha za umma, ikafungwa na mafundi katika chumba kinachojulikana, na ufunguo wa chumba hicho uko mfukoni mwa mtu. Ukizimika, sababu ipo, na mara nyingi sababu hiyo ingeweza kuonekana wiki nyingi kabla.

Wilaya za Mbulu na Hanang, katika Mkoa wa Manyara, zinastahili kutafakariwa sana katika jambo hili. Kwanza, fundi anayeitwa kutoka Arusha, Dodoma au Dar es Salaam hawezi kufika huko, akatengeneza na kurudi kwa asubuhi moja. Kwa hiyo uzembe mdogo huzaa hasara kubwa. Pili, ni wilaya ambazo zimekwisha kuona, katika ardhi yao wenyewe, jinsi mashine nzuri zinavyokufa zikikosa matunzo.

KAZI IMEHAMIA KATIKA WAYA

Watumishi wa umma hawahitaji kuelezwa kwamba kazi ya Serikali imebadilika. Ombi la likizo au la uhamisho hupitia mfumo wa ESS. Utendaji wa mtumishi hupimwa katika PEPMIS, mfumo uliochukua nafasi ya fomu za OPRAS. Zabuni hupita katika NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Malipo ya halmashauri hupita katika MUSE. Mwalimu mkuu hushughulikia taarifa za wanafunzi wake katika mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani. Katika hospitali na vituo vingi vya afya, mgonjwa, dawa na malipo yake huandikwa katika GoTHoMIS. Jalada lililokuwa likibebwa na tarishi kutoka masjala sasa husafiri katika waya, na tarishi wa siku hizi ni mtambo.

Mtambo huo ukilala, kazi hailali pamoja nao. Hubebwa na mtumishi. Mwalimu aliye mbali na mji hutoa simu yake mwenyewe, hununua bando kwa mshahara wake mwenyewe, hupanda kilimani kutafuta mawimbi, na kujaza taarifa za shule usiku ili tarehe iliyowekwa isimpite. Hiyo ni kodi ambayo Bunge halikuitunga. Haionekani katika vitabu vya mhazini wala katika taarifa ya mkaguzi, lakini mlipaji wake anaijua vizuri.

Haiwezekani kusema kwamba Taifa limekaa bure. Sheria iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilitungwa mwaka 2006, nao mfuko umesaidia kupeleka minara katika vijiji ambako kampuni za simu hazikuona faida. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009 kwa mkopo kutoka China, na usimamizi wake ukakabidhiwa TTCL. Mwaka huo huo mkongo wa baharini wa Seacom ulitua Dar es Salaam, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Pete ya kaskazini ya Mkongo wa Taifa inaunganisha Dodoma, Singida, Babati na Arusha, na hivyo Manyara haiko gizani. Mwaka 2019 ikatungwa Sheria ya Serikali Mtandao, iliyounda mamlaka ya kusimamia shughuli hizo serikalini.

Jumapili tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Siku zile kila mtu alizungumza juu ya bahari. Lakini mkongo wa baharini ukikatika, ziko meli maalumu za kuutengeneza, zenye mabaharia, mafundi na bajeti. Hitilafu inayotokea ndani ya kabati la chuma katika makao ya wilaya haina meli. Mara nyingi hata mtu wa kuifungulia mlango haijulikani ni nani.

KABATI LA CHUMA NA KILICHOMO

Mtambo unaozungumzwa hapa huitwa ruta. Kazi yake ni kama ya karani wa masjala aliyeketi njia panda: kifurushi cha habari kinapofika husoma anwani, hutazama njia zilizo wazi, na kukipeleka kinakohusika. Ruta ya nyumbani ni ndogo kama kitabu. Ruta ya ofisi ya wilaya, hospitali au chuo ni sanduku pana la chuma linalofungwa katika kabati au fremu ambayo mafundi huiita raki. Raki ina kipimo kinachokubalika dunia nzima: mtambo huingia katika upana wa inchi 19, na kila ngazi ina kimo cha inchi 1.75. Kwa hiyo mtambo uliotengenezwa Marekani na ule uliotengenezwa China huweza kukaa katika kabati moja bila kuchonga wala kuchomelea.

Kuufunga mtambo huo hakuhitaji maajabu, lakini kunahitaji nidhamu. Kabati hukazwa sakafuni au ukutani kabla ya kuwekwa kitu chochote ndani yake. Vitu vizito, hasa betri ya akiba ambayo mafundi huiita UPS, huwekwa chini ili kabati lisipinduke. Ruta hukazwa kwa skrubu pande zote mbili, wala haiachwi ikiegemea juu ya mwenzake. Kabati lenyewe huunganishwa kwa waya wa ethi na nondo iliyozikwa ardhini, ili radi na umeme unaovuja vipate njia ya kwenda badala ya kupita ndani ya mtambo. Katika nyanda za Mbulu, ambako mvua huja na ngurumo, waya huo ndio tofauti kati ya mtambo wa miaka kumi na mtambo wa msimu mmoja.

Ruta nyingi za daraja hilo zina vipokea umeme viwili, ili kimoja kikifa cha pili kiendelee. Mafundi wenye haraka huvichomeka vyote viwili katika soketi moja, na hapo busara yote ya mtengenezaji hupotea, kwa sababu soketi hiyo ikizimika vyote huzimika. Nyaya za kioo, yaani faiba, hazipindwi kama kamba ya katani, na ncha zake hufunikwa kwa vifuniko vyake, kwa kuwa chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho hutosha kuzuia mwanga. Wala mtu haruhusiwi kuchungulia ncha hiyo; mwanga wake hauonekani, lakini hudhuru jicho.

Yako pia mambo ya mahali. Katika tambarare za Basotu vumbi la kiangazi huingia katika kila tundu, hulala juu ya feni na kuziba chujio. Katika mji wa Mbulu na Dongobesh baridi ya Juni na Julai huwafanya watu kuamini kwamba mtambo hauhitaji hewa. Imani hiyo ni potofu. Mtambo hujipasha moto wenyewe, na kabati lililosukumwa hadi ukutani hugeuka tanuri hata siku ya baridi kali. Mtambo wa namna hii kwa kawaida huvuta hewa mbele na kuitoa nyuma. Nyuma kukizibwa na marundo ya majalada ya zamani, feni huzunguka bure. Na mahali palipo na stoo ya mahindi jirani, panya huja, na panya hula waya.

Baada ya kufungwa, matunzo yenyewe ni mepesi kuliko matunzo ya baiskeli. Kila wiki mtu afungue mlango, atazame taa na kusikiliza feni. Kila mwezi vumbi lifutwe na chujio lisafishwe. Kila baada ya miezi mitatu umeme uzimwe kwa makusudi, baada ya kuwatangazia watumishi, ili ijulikane betri ya akiba inavumilia dakika ngapi. Betri za aina hiyo kwa kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano, kisha hubaki mapambo. Maagizo yanayouongoza mtambo, ambayo fundi aliyaandika ndani yake siku ya kuufunga, yanakiliwe na kuhifadhiwa mahali pengine palipo salama. Neno la siri la kiwandani libadilishwe, na neno jipya liwekwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri ndani ya sefu ya halmashauri. Mkandarasi akiondoka na neno hilo kichwani mwake, halmashauri imebaki na chuma tu.

MABOMBA NA MATREKTA

Wako watakaosema kwamba hayo ni madogo mno kuandikiwa makala. Historia ya nchi hii inawajibu.

Mwaka 1971 Taifa lilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Shabaha ilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi apate maji safi umbali usiozidi meta 400 kutoka nyumbani kwake. Nia ilikuwa njema, na kazi ilifanyika: visima vilichimbwa, mabomba yakatandazwa, pampu zikafungwa. Nchi rafiki zilisaidia, kila moja katika mikoa yake. Finland ilikuwa Mtwara na Lindi, Denmark ilikuwa Iringa, Mbeya na Ruvuma, Sweden ilikuwa katika mikoa ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1991 ulipofika shabaha ilikuwa bado mbali. Miradi mingi iliyokuwa imejengwa ilikuwa imesimama, na maji ndani ya ardhi hayakuwa yamekauka. Dizeli ilikosekana, spea zilikosekana, na kijiji hakikujua kama pampu ni yake, ya Serikali au ya mfadhili. Taifa lilijifunza kwa gharama kubwa. Ndiyo maana sheria ya maji ya mwaka 2019, iliyounda RUWASA, imetambua pia vyombo vya watumiaji maji ngazi ya jamii, ili kila bomba liwe na mtu wa kuliuliza habari zake.

Mfano wa pili uko Hanang kwenyewe. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa huko na Shirika la NAFCO kwa msaada wa Kanada. Yalikuwa saba, Basotu, Setchet na Mulbadaw yakiwa miongoni mwake, na kwa jumla yalichukua ekari zipatazo 100,000. Matrekta makubwa, mashine za kupandia na za kuvunia yaliletwa kutoka ng'ambo. Karakana zilijengwa. Vijana wa Kitanzania walipelekwa Kanada kusoma. Kwa muda, sehemu kubwa ya ngano ya nchi hii ilitoka katika tambarare hizo.

Yafaa isemwe wazi kwamba mashamba hayo yalikuwa na kasoro moja tangu mwanzo: ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarabaig, nao walipohamishwa walikwenda mahakamani katika miaka ya 1980. Mpango unaoanza kwa kutowasikiliza wenyeji umepanda mbegu mbaya. Lakini hata kwa upande wa mashine peke yake liko funzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 msaada wa Kanada ulikoma. Mafundi walikuwapo, walikuwa wamesomeshwa na walijua kazi. Kilichokosekana ni fedha za kigeni za kununulia spea, na desturi ya kuweka kando kila mwaka sehemu ya mavuno kwa ajili ya mashine ya kesho. Mashine zilichakaa, uzalishaji ukashuka, na hatimaye mashamba yakaingizwa katika mpango wa ubinafsishaji. Fundi asiye na spea hubaki kuwa shahidi wa msiba.

Ruta haina tofauti na trekta lile wala na pampu ile. Imetoka ng'ambo, imefungwa kwa sherehe, na spea zake haziuzwi katika duka la Katesh. Kilichobadilika ni kasi tu. Trekta likifa, shamba husubiri msimu. Ruta ikifa, ofisi nzima husimama saa hiyo hiyo.

SIKU YA MATOPE

Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh pamoja na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na wengi zaidi walipoteza nyumba na mali. Viongozi, askari, madaktari na wananchi wa kawaida walifanya kazi ambayo Taifa halitaisahau.

Siku kama ile inafundisha thamani ya mawasiliano kuliko semina yoyote. Hesabu ya majeruhi, ombi la damu na dawa, orodha ya waliopotea, taarifa za hali ya hewa, mapokezi ya misaada, vyote vinahitaji habari ifike upesi na ifike sahihi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 katika Wilaya ya Mbulu, na hospitali za Serikali katika wilaya zote mbili, hupokea watu kutoka maeneo makubwa; daktari aliye huko akiweza kupeleka picha ya eksirei kwa bingwa aliye mbali na kupata shauri lake saa hiyo hiyo, maisha ya mtu huweza kuokoka.

Maafa hayaji siku ambayo umeme uko imara na barabara ni kavu. Huja pamoja na giza. Kwa hiyo betri ya akiba ambayo haikupimwa kwa miaka miwili, na ambayo siku za kawaida haimsumbui mtu, itaonyesha ubovu wake siku ile ile inayohitajika. Mtumishi aliyepuuza kuipima hatashtakiwa na mtu, wala jina lake halitaandikwa popote. Lakini uzembe wake utakuwa umefanya kazi yake.

UDHURU TATU

Hutolewa udhuru wa aina tatu, na yafaa zote zijibiwe.

Wa kwanza ni kwamba matunzo ya mitambo ni kazi ya watu wa Dodoma na Dar es Salaam, au ya mkandarasi aliyeifunga. Kweli, wapo wataalamu wa Serikali Mtandao na wa TTCL, na Mkongo wa Taifa ni wao. Lakini mtaalamu wa Dodoma hawezi kufuta vumbi la Basotu. Mambo yanayoua mitambo wilayani kwa kawaida ni vumbi, joto, radi, umeme usio thabiti na betri iliyokufa, na yote matano huonekana na mtu aliye palepale. Mganga mkuu wa hospitali ya rufaa hachukui nafasi ya mama wa nyumbani anayemwogesha mtoto.

Udhuru wa pili ni umaskini wa halmashauri. Husemwa kwamba fungu la matumizi mengineyo halitoshi hata karatasi. Hoja hii ina uzito, na wanaoitoa si waongo. Lakini matunzo yaliyotajwa hapo juu kwa sehemu kubwa yanataka brashi, kitambaa kikavu, daftari na nusu saa ya mtu. Kinachotaka fedha ni betri na spea chache, na fedha hizo zikilinganishwa na bei ya mtambo mpya ni kidogo. Halmashauri inayoshindwa kununua betri leo itatakiwa kununua ruta kesho, na haitashindwa kufanya hivyo, kwa sababu kununua kuna zabuni, kuna posho za vikao na kuna utepe wa kukata. Matunzo hayana utepe. Hapo ndipo ugonjwa ulipo, na viongozi wasiogope kuutaja.

Udhuru wa tatu ni wa kisasa: kwamba simu za mkononi zimeenea, kwa hiyo mitambo ya ofisini imepitwa na wakati. Anayesema hivyo asahau kwanza kwamba mnara wa simu nao una mitambo ya namna hiyo hiyo chini yake. Kisha aulize nani analipa. Simu ya mwalimu ni ya mwalimu. Siri za wagonjwa na fedha za umma hazipaswi kupitishwa katika vifaa vya watu binafsi, na Serikali inayojiheshimu haifanyi kazi zake kwa bando la mtumishi wake.

MTU, DAFTARI NA FUNGU

Dawa inajulikana, na haihitaji tume.

La kwanza ni mtu. Halmashauri zina maofisa wa TEHAMA. Lakini ofisa huyo, akiwa peke yake, huitwa kufungua mashine ya kuchapia iliyokwama, kutengeneza barua, kuweka vipaza sauti kwenye mkutano na kumwonyesha mkubwa jinsi ya kutuma picha. Kabati la mitambo huja mwisho. Barua ya kazi ya ofisa huyo itaje kabati hilo, na itaje naibu wake siku asipokuwapo. Katika kila shule ya sekondari, kila kituo cha afya na kila ofisi yenye mtambo wa mawasiliano, awepo mtumishi mmoja aliyefundishwa kwa siku chache kuutazama, kuusafisha na kueleza kwa simu kile anachokiona. Wala vijana wenye mikono myepesi hawakosekani. Wahunzi wa Kidatoga wamefua visu, mikuki na bangili kutoka katika vyuma chakavu kwa vizazi vingi. Na vyuo vya VETA vinatoa mafundi umeme kila mwaka. Asili ya ufundi ipo. Inahitaji kuelekezwa.

La pili ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ofisi nyingi zina daftari la mali, na humo ruta huandikwa pamoja na viti na mapazia: idadi, bei, namba. Hilo halitoshi. Kando ya kila kabati litundikwe daftari la matunzo, lenye tarehe, jina la aliyefungua, alichokiona na alichokifanya. Kila waya uwe na kitambulisho chake pande zote mbili, ili fundi mgeni asihitaji kung'oa ishirini kuutafuta mmoja. Mkaguzi wa ndani akifika asiishie kuhesabu. Aombe daftari hilo, na likiwa jeupe aandike hoja.

La tatu ni fungu. Kila ombi la kununua mtambo lionyeshe, katika ukurasa ule ule, gharama za kuutunza kwa miaka mitano. Ombi lisiloonyesha hayo lirudishwe. Aidha, halmashauri za Mbulu na Hanang, pamoja na wenzao wa mkoa, zikubaliane juu ya aina chache za mitambo, ili spea za mmoja ziwafae wote. Mfadhili anayekuja na chapa yake ashukuriwe, kisha aombwe kuileta ile inayotumika wilayani. Nchi hii ilikwisha kuona pampu za kila aina, kila moja na spea yake isiyoingia kwa mwenzake. Ruta moja ya akiba na vipokea umeme viwili vikiwekwa Babati kwa ajili ya mkoa mzima, ofisi ya Katesh au ya Mbulu inaweza kurudi kazini siku hiyo hiyo, badala ya kungoja kifurushi kutoka Dar es Salaam.

Watumishi na walimu nao wana sehemu yao. Chumba cha mtambo si stoo ya madawati mabovu wala mahali pa kuchemshia chai. Anayechomoa waya wa ruta ili achaji simu yake anawakata wenzake hamsini. Na mkubwa wa ofisi anayeambiwa kwamba mtandao hakuna asitazame dirishani. Aulize ni kitu gani kimezimika, tangu saa ngapi, na nani anakishughulikia. Maswali hayo matatu yakizoeleka, lile jibu lisilo na mwenyewe litaanza kupata mwenyewe.

Wananchi wa Mbulu hawahitaji kufundishwa maana ya matunzo. Huko Kainam, katika vilima vya Wairaqw, miteremko mikali imelimwa kwa vizazi vingi na bado inatoa chakula, kwa sababu samadi hurudishwa shambani, matuta hurekebishwa na mifereji huzibuliwa msimu hadi msimu. Hakuna aliyewahi kualikwa kuzindua tuta la Kainam. Watu wa huko wanajua tu kwamba mwaka watakapoacha, mvua itachukua shamba.

Jambo hilo hilo linatakiwa katika vyumba vya mitambo. Madiwani na wakuu wa idara wa wilaya hizo mbili wanaweza kuanza bila kungoja waraka wa mtu yeyote. Katika kikao chao kijacho, kabla ya kupitisha ununuzi wowote mpya, waulize: ufunguo wa chumba cha mtambo uko kwa nani, na mara ya mwisho aliufungua lini?